Jina ni la Kiswahili, Ufunguo ni wa Nani?

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya vijana, walimu na wafanyabiashara wa Mkata, Wilaya ya Handeni.)



Tanzania inazo Mkata mbili zinazojulikana. Iko Mkata ya Morogoro, ambayo ni tambarare ya upande wa Kilosa na Mikumi. Na iko Mkata hii ya Handeni, mahali ambapo barabara iendayo Handeni mjini huachana na barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera. Mtu wa mbali akiambiwa tu kwamba mzigo wake umeteremshwa Mkata, hana budi kuuliza tena. Jina moja likibebwa na wawili, mmoja wao hupotelewa na barua.

Hali ya namna hiyo iliwakuta mafundi wa programu moja ya mawasiliano huko Montreal, nchini Canada, na njia waliyoifuata kutoka humo inaihusu lugha ya Kiswahili moja kwa moja. Programu yao, ambayo watu huitumia kupelekeana ujumbe, sauti na picha kwa siri, ilikuwa ikiitwa Ring, neno la Kiingereza lenye maana ya pete na pia ya mlio wa kengele. Jina hilo lilikuwa na wenyewe wengi. Mwaka 2018 kampuni kubwa ya Amazon iliinunua kampuni nyingine iitwayo Ring vilevile, itengenezayo kengele za mlangoni zenye kamera. Mwezi Desemba mwaka huo huo programu ya Montreal ikabadilishwa jina ikaitwa Jami, na wenyewe wakaeleza kwamba jina hilo wamelitoa katika neno la Kiswahili "jamii".

Ni heshima kwa lugha, hapana shaka. Lakini heshima hiyo ina kasoro ndogo ambayo mwalimu yeyote wa Kiswahili pale Korogwe angeitia wino mwekundu. Maelezo yaliyotolewa yalisema kwamba neno "jamii" likiwa nomino maana yake ni kundi la watu waishio pamoja, na likiwa kielezi maana yake ni "pamoja". Ni nani hapa Mkata asemaye "twende jamii" akikusudia "twende pamoja"? Maana hiyo ya pili inaelekea zaidi kwenye Kiarabu, ulikotoka mzizi wa neno. Na mzizi huo ndio uliozaa jamaa, jumuiya, ujamaa, na hata Ijumaa, siku ya kukusanyika. Kisha wakaikata irabu ya mwisho, jambo ambalo Kiswahili hakikuwaomba. Basi, hayo yasahihishwe na kusamehewa. Swali lenye uzito ni jingine: je, programu hiyo inastahili kuitwa kwa jina la jamii, au imejivika nguo ya kuazima?

Ili kulijibu yafaa kurudi nyuma kidogo. Kampuni iliyoianzisha, Savoir-faire Linux, kwanza iliiita SFLphone. Wakati huo ilikuwa ni simu ya ofisini iliyohamishiwa ndani ya kompyuta. Ili watu wawili wazungumze, ulihitajika mtambo wa kati, yaani seva, wa kuisajili kila simu na kuwaunganisha wasemaji, kama alivyokuwa akifanya yule mtu wa mitambo pale posta zamani, ambaye akipenda aliweza pia kusikiliza. Mwaka 2015 programu ikaitwa Ring, na safari hiyo hakikubadilishwa kibao cha mlangoni peke yake. Mafundi waliuondoa ule mtambo wa kati. Mwaka 2016 ikapokewa katika mradi wa GNU, ule alioutangaza Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983 ili programu za kompyuta ziwe huru kutumiwa, kusomwa, kurekebishwa na kugawiwa na mtu yeyote. Jina la tatu, hili la Jami, lilikuja miaka miwili baadaye.

Kuondolewa kwa mtambo wa kati ndiko kiini cha maneno yote haya. Mkulima wa machungwa wa Handeni anajua vizuri mtu wa kati ni nani. Dalali anaweza kuwa mwaminifu, tena anaweza kurahisisha kazi. Lakini yeye ndiye ajuaye bei ya shambani na bei ya Dar es Salaam kwa wakati mmoja, na ujuzi huo ndio mtaji wake. Katika mawasiliano ya simu za leo mambo hayako mbali na hayo. Ujumbe unaotumwa kwa programu zinazotumika sana, hata uwe unatoka Mkata kwenda Kabuku hapo jirani, hupitia kwanza katika mitambo ya kampuni ya ng'ambo ndipo umfikie aliyekusudiwa. WhatsApp, kwa kuitendea haki, tangu mwaka 2016 huyafunga maneno yenyewe kiasi kwamba kampuni haiwezi kuyasoma yakiwa njiani. Hata hivyo, aliyekaa katikati anaweza kujua ni nani kamwandikia nani, saa ngapi, na mara ngapi kwa juma. Mfanyabiashara mwerevu hahitaji kusoma barua yote ili atambue kwamba mnunuzi fulani wa Mombasa ameanza kuandikiana kila siku na mkulima fulani wa Handeni.

Itaulizwa: bila mtambo wa kati, simu moja itaijuaje nyingine iliko? Hapo upo mfano ambao wazee wa hapa watauelewa upesi kuliko vijana. Mgeni akifika kijijini akimtafuta mtu, si lazima iwepo ofisi yenye daftari moja lililoandikwa majina yote. Huenda kwa balozi wa nyumba kumi aliye karibu. Balozi huyo anazijua barabara nyumba zake kumi. Za mbali hazijui, lakini anamjua balozi mwingine aliye karibu zaidi na upande ule. Mgeni hupokezanwa hivyo mpaka afike mlangoni. Jami hufanya kazi kwa mpango wa aina hiyo. Kila chombo kilichounganishwa huhifadhi sehemu ndogo tu ya taarifa za kutafutana, na huuliza jirani aliye karibu zaidi na anayetafutwa, ambaye naye huelekeza mbele. Wakishapatana, wawili hao huzungumza ana kwa ana. Daftari la wote halipo kwa mtu mmoja, wala hakuna mtu mmoja wa kulipokonya.

Sasa kuhusu kufumba maneno. Wataalamu wa istilahi husema "usimbaji fiche". Katika mazungumzo haya neno "kufumba" litatosha, kwa kuwa Waswahili walikuwa na kazi hiyo kabla ya kompyuta. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu huko Unguja, katika kitabu chake cha Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870 aliweka kumbukumbu ya mchezo uitwao kinyume, ambamo silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mbele. Kwa mtindo huo nyumba huwa "mbanyu", na chungwa likawa "ngwachu". Mkata yenyewe, ikifanyiwa kinyume, hugeuka kuwa "tamka", jambo la ajabu kidogo kwa neno linalotakiwa kuficha.

Udhaifu wa kinyume unaonekana mara moja. Siri yake yote ni kanuni, na kanuni ni moja kwa watu wote. Mtoto akiisikia mara mbili tatu ameishika, na tangu siku hiyo maneno yote ya wakubwa yako wazi kwake, ya jana na ya kesho. Mwaka 1883 mtaalamu wa Kiholanzi, Auguste Kerckhoffs, aliandika kwamba mpango mzuri wa kufumba ni ule ambao hata adui akiujua wote hapati kitu, maadamu hana ufunguo. Wataalamu wa leo bado wanashikamana na fundisho hilo. Ndiyo maana programu huria kama Jami huweza kuandikwa hadharani, kila mstari wake ukisomwa na yeyote, bila siri ya mtumiaji kutoka. Kufuli la dukani halipungukiwi na nguvu kwa sababu fundi wa Korogwe anajua lilivyoundwa.

Mfano wa kufuli unafaa uendelezwe. Kila mtumiaji ni kama mtu aliyejitengenezea makufuli mengi yaliyo wazi pamoja na ufunguo mmoja. Makufuli anayagawa kwa yeyote anayetaka kumwandikia. Ufunguo haumtoki mkononi. Anayemwandikia hutia barua katika sanduku, hulibana kwa kufuli la mwenzake, na tangu hapo hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua tena. Hisabati ya ufundi huo ilitangazwa na Wamarekani Diffie na Hellman mwaka 1976, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakatoa njia inayoitwa RSA, ambayo nguvu yake inatokana na ugumu wa kuigawanya namba kubwa sana ili kupata namba mbili zilizozidishwa kuipata.

Kukaza kufuli, basi, kwa kiasi kikubwa ni kukuza namba. Mwaka 2020 kundi la watafiti lilifaulu kuigawanya namba moja ya mashindano yenye tarakimu 250, baada ya kutumia kompyuta nyingi kwa pamoja kwa kazi ambayo kompyuta moja yenye kiini kimoja ingeifanya kwa maelfu ya miaka. Jami hutumia namba za biti 4,096, yaani tarakimu zaidi ya 1,200. Ugumu hauongezeki mara tano kama hesabu ya haraka ingedhani. Unaongezeka kupita kiasi cha mtu kutaja. Tena kila mazungumzo hupewa ufunguo wake wa muda, ambao hutupwa yakiisha. Mwizi akiiba ufunguo mkuu leo, hauwezi kumfungulia mazungumzo aliyoyanasa mwaka jana.

Mtu asifikiri kwamba kila programu isemayo "mimi ni salama" imefanya kazi hiyo. Ipo iitwayo Bridgefy, ambayo hupeleka ujumbe kutoka simu hadi simu kwa redio ya Bluetooth bila ya intaneti. Mwaka 2019 waandamanaji wa Hong Kong waliikimbilia kwa wingi. Mwaka 2020 watafiti wa Royal Holloway, chuo cha Chuo Kikuu cha London, waliichunguza wakakuta kwamba ujumbe ungeweza kusomwa na mtumaji akafuatiliwa. Watu walikuwa wamebeba nyungo wakidhani ni ngao. Baadaye mwaka huo kampuni ilichukua mpango mwingine wa kufumba ulio imara zaidi, na hata baada ya hapo watafiti walirudi na kukuta nyufa nyingine. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba uchunguzi wa watu wa nje ndio uliosaidia. Tangazo la kampuni halikusaidia kitu. Na kwa upande wa majina, mwezi Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilijiita Meta, na asubuhi yake mitambo ilikuwa ile ile.

Nchini Tanzania suala la nani ashike kilicho katikati lilikwisha kufika mahakamani. Ule ukumbi mashuhuri wa mtandaoni ulioanza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, nao ulibadili jina ukawa JamiiForums. Kwa hiyo neno "jamii" lilitangulia kutumika Dar es Salaam kabla ya kuvuka bahari kwenda Montreal. Mwezi Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa, akafunguliwa mashtaka katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, yakiwamo ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yaliyohusu kutakiwa kutoa taarifa za watumiaji. Mazungumzo haya si mahali pa kuihukumu kesi ambayo mahakama imekwisha kuisikiliza. Linalohusika hapa ni umbo la jambo lenyewe: palipo na mtambo wa kati pana mtu wa kati, na mtu huyo ndiye atakayebishiwa hodi, iwe na mpelelezi mwenye hati halali, mwizi, au mnunuzi wa taarifa mwenye fedha. Hata akiwa mkaidi kwa ajili ya watu wake, mzigo huo amebebeshwa peke yake.

Hoja ya upande wa pili haiwezi kupuuzwa. Yapo maswali ya haki kabisa kuhusu matapeli na wahalifu, kwamba mlango usiofunguka kwa polisi ni neema kwao. Lakini yatazamwe yanayotokea kweli. Yule tapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii", ambaye amewaliza wananchi wengi, hutumia ujumbe wa kawaida usiofumbwa hata kidogo. Hakujificha nyuma ya hisabati. Alijificha nyuma ya uaminifu wa watu. Aidha Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, sehemu iliyoingizwa mwaka 1984 pamoja na haki nyingine za msingi, inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi, na kuiachia sheria kazi ya kuweka utaratibu wa mahali ambapo haki hiyo inaweza kuingiliwa. Mwaka 2022 Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muuguzi anayemwandikia mgonjwa majibu ya vipimo, au mjane anayeshauriana na mwanawe juu ya mpaka wa shamba, hafanyi njama yoyote anapotaka barua yake isomwe na mmoja tu.

Iko faida nyingine isiyohusu siri hata kidogo, na pengine kwa watu wa Mkata ndiyo kubwa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kwa mwenye duka, siku ile haikuwa habari ya bahari. Mwenzake alikuwa upande wa pili wa barabara, simu zote mbili zina chaji, minara imesimama, na ujumbe haufiki kwa sababu njia yake ilipangwa kupitia ng'ambo. Jami inaweza kufanya kazi baina ya vyombo vilivyomo katika mtandao mmoja wa mahali, hata pasipo na intaneti ya nje. Shule yenye kompyuta chache na kisambaza mawimbi kimoja inaweza kuwasiliana chumba kwa chumba huku mkongo ukiwa umelala chini ya bahari umekatika.

Gharama zake nazo zisemwe bila kupakwa rangi. Kwanza, mwenzio akizungumza nawe moja kwa moja, chombo chake huiona anwani ya mtandao ya chombo chako. Kwa hiyo programu hii haimfichi mtu asijulikane na yule anayezungumza naye. Pili, kwa kuwa hakuna ghala la kati, ujumbe unaweza kusubiri mpaka vyombo vya pande zote mbili viwe hewani. Mafundi wamelipunguza tatizo hilo kwa mpango mpya wa mazungumzo ya kikundi, waliouita kwa neno lenye maana ya bumba la nyuki: kila mwanakikundi huweka nakala kamili ya mazungumzo, na wawili wakikutana hupeana kila mmoja alichokosa, ili asiyekuwapo jana aupate ujumbe kwa yeyote aliyekuwapo. Hapa, kwa kweli, jina la jamii limeanza kulipiwa. Tatu, upo bado mlango wa kwanza unaoendeshwa na kampuni, ule unaosajili majina ya watumiaji ili watu wasilazimike kuandikiana herufi na tarakimu 40 za utambulisho. Si lazima kuutumia, lakini aghalabu watu huutumia, na asiyeutaja mlango huo hajasema yote.

Gharama ya nne ndiyo iumayo. Katika programu za kampuni kubwa, mtu akisahau neno lake la siri huomba jingine. Katika Jami hakuna wa kuombwa, maana ufunguo hauko popote isipokuwa ndani ya vyombo vya mwenyewe. Simu ikiibwa pale kituo cha basi, na hakuna nakala ya akiba wala chombo cha pili kilichounganishwa, akaunti imekwenda na simu. Kwa hiyo, ndugu wananchi, mtu yeyote anayetaka kuijaribu aanze kwa kazi hiyo kabla hajamwandikia hata mtu mmoja: atoe nakala ya akaunti yake, aifunge kwa neno la siri asilolitumia mahali pengine, aiweke katika kadi ya kumbukumbu nyumbani, mbali na simu yenyewe. Na achague jina lake kwa makini, asiandike la mzaha. Waliounda programu wamelibadili jina lake mara mbili, kutoka SFLphone hadi Ring na kutoka Ring hadi Jami. Lakini mtumiaji akishalisajili lake katika daftari lao la majina halibadiliki, na akiupoteza ufunguo hawezi kurudishiwa.